Tippu Tip na bei ya pembe: biashara iliyopitia Tabora

Jina la Tippu Tip likitajwa, wengi hukumbuka minyororo ya watumwa, na hawakosei. Lakini matajiri wa Unguja waliomkopesha mali katika karne ya 19 walimthamini kwa jambo jingine. Walimjua kama mtu anayeweza kuingia bara na shehena ya vitambaa na shanga, akapotea huko miaka mitatu au hata 12, kisha akarudi pwani na pembe za ndovu za kulipa deni lote na faida juu yake. Maisha yake yameandikwa mara nyingi kama habari za vita na safari. Yanaweza kusomwa pia kama historia ya bei: nani aliipanga, nani aliijua na nani aliilipia.

Jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1830. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara mwenye makazi Tabora, na huko alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, ntemi wa Unyanyembe. Ndoa hiyo haikuwa jambo dogo kibiashara. Katika nchi isiyokuwa na leseni wala mahakama ya mikataba, mkwe wa ntemi alipata kiwanja cha kujenga, ulinzi wa mali yake na wapagazi kwa urahisi kuliko mgeni aliyefika jana. Ilipotokea mwaka 1858 kwamba Fundikira amefariki na mrithi wake, Mnywa Sele, akataka kutoza kodi mali za wafanyabiashara, Waarabu wa Tabora walimuunga mkono mpinzani wake, Mkasiwa. Vita vilivyofuata vilichukua miaka kadhaa. Chanzo chake kikubwa kilikuwa ni nani mwenye haki ya kutoza ushuru katika soko la Tabora.

Soko lenyewe lilikuwa na sababu ya kugombewa. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe ilikuwa takriban miezi mitatu kwa miguu, kupitia Mpwapwa na Ugogo, ambako watawala walidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kuchota maji na kupita. Tabora ndiko njia ilikogawanyika: moja kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi. Wazungu wawili, Burton na Speke, walipofika hapo Novemba 1857 walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu wenye nyumba za tembe, bustani na maghala. Wanyamwezi hawakufundishwa biashara hiyo na wageni. Walikuwa wakipeleka pembe pwani wenyewe kabla ya Mwarabu wa kwanza kujenga Tabora, na ndio walioendelea kuwa uti wa mgongo wa misafara kama wapagazi wa kulipwa.

Hivyo bei ya pembe Tabora ilikuwa rahisi kueleza, ingawa ilikuwa ngumu kuikokotoa. Ilikuwa bei ya Unguja, ukitoa ujira na chakula cha wapagazi, ukitoa hongo, ukitoa riba ya mkopo, kisha ukitoa hatari ya kuibiwa au kukuta njia imefungwa kwa vita. Kila hatua ya kwenda magharibi zaidi iliongeza makato, na kila kato lilimwangukia mwenye pembe wa bara. Huko Manyema, mbali kabisa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, wafanyabiashara wa kwanza walikuta watu wakitumia pembe kama michi ya kutwangia. Pembe hiyohiyo ikifika Unguja ilikuwa inapimwa kwa frasila, yaani kama kilo 16, mbele ya wanunuzi wa Bombay, London na Marekani.

Wanunuzi hao hawakununua pembe kama pembe. Pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa kuwa nyingi zilikuwa laini, hazipasuki ovyo chini ya msumeno, na rangi yake haikugeuka haraka. Unguja ziligawanywa kwa madaraja. Zile kubwa, laini na zisizo na nyufa ziliitwa bab Ulaya, nazo zilikwenda viwanda vya Ulaya na Marekani. Za daraja la kati ziliitwa bab Kachi, kwa ajili ya soko la Kachi na Bombay, ambako bangili za pembe zilikuwa sehemu ya mavazi ya harusi. Pembe ndogo ziliitwa kalasha. Mkulima wa tumbaku wa Tabora hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua jinsi majani ya shamba moja yanavyoweza kutoka sokoni na bei nyingi tofauti, kwa macho ya mtu anayepanga madaraja kwa niaba ya kiwanda kilicho mbali.

Viwanda vya pembe vilikuwa mbali kweli. Katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kukata pembe kuwa vibao vyembamba vya kubandika kwenye vitufe vya piano. Kadiri familia za Ulaya na Marekani zilivyopata uwezo wa kuweka piano sebuleni, ndivyo mahitaji yalivyopanda. Mipira ya mchezo wa biliadi nayo ilitaka pembe za namna yake. Ilibidi pembe iwe na unene unaozidi kidogo tu ule wa mpira, iliyonyooka, ili kiini cha jino kipite katikati na mpira usiyumbe. Kwa hiyo hata pembe ndogo, ikiwa na umbo linalotakiwa, ilikuwa na mteja wake. Mtu wa Tabora aliyedhani kwamba ukubwa ndio thamani alikuwa anajua nusu ya soko.

Hamed aliijua mapema nusu ya pili. Alianza biashara akiwa na miaka kama 12, akiwafuata wakubwa wake kununua sandarusi katika vijiji vya Mrima. Sandarusi ni shule nzuri ya bei: haina thamani kubwa kwa anayeichimba, lakini ina daraja, uzito na msimu. Alipofika miaka 18 baba yake alimchukua Tabora, na kutoka hapo msafara ukaendelea kuvuka ziwa kwenda Urua. Baba alipotaka kuiweka mali yake chini ya mtu mwingine mwenye uzoefu, kijana aliona ni kushushiwa hadhi, akasimama kidete mpaka akakabidhiwa yeye.

Huko Urua wafanyabiashara wenzake waligombea pembe kubwa. Zilikuwa chache, na kugombewa kukazipandisha bei. Hamed akaelekeza mali yake kwenye pembe ndogo, zilizokuwapo kwa wingi na ambazo hakuna aliyezihangaikia. Aliporudi, faida ilikuwa yake.

Wanaokusanya kamera za zamani za filamu wanaifahamu hesabu hii. Kiwanda cha Leitz cha Ujerumani kilianza kuuza lenzi ya kwanza ya Noctilux mwaka 1966. Baadhi ya vioo vyake vilisuguliwa kwa mkono, kwa hiyo zilitoka chache na bei yake ilikuwa kubwa tangu kiwandani. Leo wakusanyaji wanaigombea na kuongeza juu yake bei ya uhaba. Lenzi za Elmar za kiwanda hichohicho zilitengenezwa kwa wingi, hupatikana kwa bei nafuu na zinapiga picha nzuri. Mwenye mtaji mdogo akiikimbilia Noctilux atafunga fedha yake yote katika kitu kimoja. Tofauti ni kwamba lenzi ina kiwanda kinachojua gharama zake. Pembe haikuwa na kiwanda. Aliyeitengeneza alikuwa ndovu, na gharama ya ndovu haikuingizwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Kuna gharama nyingine ambayo Hamed hakuwa tayari kuilipa, nayo ndiyo inayotia doa hesabu zote za faida yake. Mwaka 1867, katika safari aliyoiongoza mwenyewe, alifika kwa Nsama, mtawala wa Watabwa kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambaye alikuwa na sifa ya kuwashinda wafanyabiashara na kuchukua mali zao. Vita vikazuka. Bunduki za Hamed zikashinda, na inasemekana kuwa jina la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki hizo, ingawa wengine hulihusisha na kupepesa kwa macho yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitwaa frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba.

Takwimu hizo zinafaa kupigiwa hesabu. Frasila 1,950 ni kama tani 31. Mpagazi mmoja akibeba frasila mbili, pembe peke yake zilihitaji karibu watu 1,000 na shaba watu 350 zaidi, kabla ya kuhesabu waliobeba chakula na risasi. David Livingstone alikutana naye katika eneo hilo mwaka huohuo, akapewa msaada wa chakula na barua za kumfungulia njia. Kwa tajiri wa Unguja, msafara ule ulikuwa ushahidi kwamba kijana anakopesheka. Katika lugha ya uchumi, hata hivyo, pembe za Nsama hazikuwa zimenunuliwa. Bei ya ununuzi ilikuwa maisha ya watu waliokufa na vijiji vilivyochomwa, na haikuonekana kwenye mizani ya forodha.

Mkopo ulikuja. Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuja kushika forodha ya Zanzibar na ambaye jengo lake lipo hadi leo mbele ya bandari ya Mji Mkongwe, alimpa mali ya thamani ya riali 50,000 kwa safari iliyoanza mwaka 1870. Kwa kipindi hicho ilikuwa dau kubwa mno kwa mtu mmoja. Taria hakuwa anafanya hisani. Kati ya miaka ya 1820 na miaka ya 1870 bei ya frasila ya pembe Unguja ilipanda zaidi ya mara tatu, wakati merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka viwanda vya Massachusetts, haikupanda hivyo. Maana yake jora lilelile la merikani lilikuwa na uwezo wa kuleta fedha nyingi zaidi kila muongo, ilimradi apatikane mtu wa kulifikisha pale ambapo pembe bado ni rahisi.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa mahali hapo palikuwa panakimbia. Ndovu walipopungua kandokando ya njia ya zamani, Tabora iliacha kuwa mahali pa kupata pembe ikawa zaidi kituo cha kupumzikia, kuajiri wapagazi wapya na kununua mchele na nafaka nyingine. Kila mwaka mfanyabiashara alilazimika kutembea mbali zaidi. Shanga nazo zilikuwa kamari. Zilitengenezwa Venice kwa aina nyingi sana, na kila nchi ilikuwa na chaguo lake. Samesame, shanga nyekundu, ilipendwa mahali pengi, lakini aina iliyokubalika mwaka jana katika kijiji fulani ingeweza kukataliwa mwaka huu hata bure. Aliyekosea kuchagua Unguja aligundua kosa lake baada ya miezi mitatu ya kubebesha watu mzigo.

Juu ya hayo kulikuwa na Mirambo. Kuanzia mwaka 1871 mtawala huyo wa Urambo, magharibi ya Tabora, alipigana na Waarabu wa Unyanyembe na kuikata njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia vitani upande wa Waarabu na kushuhudia wakishindwa. Madai ya Mirambo yalikuwa ya kibiashara kwa sehemu kubwa: misafara ilipite nchi yake na imlipe yeye. Tippu Tip hakuwahi kuona faida ya kupigana naye. Alirithi uhusiano wa kifamilia na watawala wa Unyamwezi na alipendelea kutuma zawadi na wajumbe. Wenzake wa Tabora waliokuwa wakitaka kisasi hawakufurahishwa, lakini pembe zake zilipita.

Kutoka Tabora msafara wa 1870 ulipitia Ugalla, ambako kulitokea mapigano mengine, ukavuka nchi nyingi mpaka Utetera, ndani ya Kongo ya leo. Huko alifanya jambo ambalo hakuna benki ingelikubali kama dhamana. Alisikia kwamba mtawala mzee, Kasongo Rushie, alikuwa na dada zake waliotekwa zamani, akajitambulisha kuwa ni mjukuu wa ukoo huo. Mzee alimwamini, akamwachia utawala. Kwa desturi ya huko pembe za ndovu zilikuwa mali ya mtawala. Kwa uongo mmoja, mnunuzi akageuka kuwa mwenye mali. Baadaye alihamia Kasongo, karibu na soko la Nyangwe, na kutoka huko watu wake wakasambaa Manyema wakikusanya pembe na watu. Mara nyingi biashara hizo mbili zilikwenda pamoja: waliotekwa walikombolewa kwa pembe, au walibaki kuwa wabebaji, walimaji na askari wa waliowateka.

Stanley alimfuata huko mwaka 1876, akitaka kusindikizwa kushuka mto Lualaba. Walikubaliana riali 5,000 kwa vituo 60. Msitu ulikuwa mbaya kuliko walivyotarajia, mapatano yakarekebishwa njiani na wakaachana Desemba mwaka huo. Tippu Tip alilalamika hadi uzeeni kwamba ahadi za Stanley zilikuwa nono kuliko malipo yake. Lakini hasara kubwa ya safari ile haikuwa katika riali zile. Stanley alipotokea upande wa Atlantiki mwaka 1877, ilijulikana kuwa pembe za Manyema zinaweza kushuka kwa mto kwenda magharibi. Njia ya Tabora ilikuwa imepata mshindani, na aliyemsindikiza mpimaji wake ni mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa njia hiyo ya Tabora.

Alirudi Unguja mwaka 1882, baada ya miaka 12, akipitia tena Tabora na nchi ya Mirambo kwa amani. Deni la Taria lililipwa. Sultan Barghash alimpa nafasi ya kuwa liwali wa Tabora, naye hakuichukua. Uamuzi huo una mantiki yake. Liwali wa Tabora angeishi kwa ushuru wa pembe za watu wengine katika kituo ambacho pembe zilianza kukikwepa. Yeye alitaka kubaki kwenye chanzo. Akarudi Kongo.

Chanzo chenyewe kilikuwa kimekwisha kupata mwenyewe mwingine. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulimtambua Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuwa mtawala wa Kongo, na Februari 1887 Tippu Tip alitia saini kuwa liwali wake huko Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyewahi kukopeshwa riali 50,000 kwa jina lake tu akawa mwajiriwa. Alitegemea cheo kingelinda biashara yake. Kwa muda mfupi kilifanya hivyo, lakini mwajiri alikuwa na mpango wake. Antwerp ilifungua soko lake la pembe mwaka 1888, na kuanzia 1891 serikali ya Leopold ilidai pembe na mpira wa porini katika sehemu kubwa ya nchi kuwa mali yake. Wafanyabiashara wa Manyema hawakushindwa kwa bei. Walifungiwa soko kwa amri, kisha kwa bunduki, njia ileile waliyokuwa wameitumia kwa Nsama na wengine.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890, kabla ya vita kuu, akafika pwani mwaka 1891. Njiani Tabora haikuwa tena ile ya baba yake. Bendera ya Wajerumani ilikuwa imepandishwa mwaka 1890. Ntemi Isike wa Unyanyembe aliendelea kuwapinga hadi ngome yake ilipoanguka Januari 1893. Mwaka huohuo Sefu, mwana wa Tippu Tip aliyebaki Kongo, aliuawa katika vita na majeshi ya Leopold. Stanley naye alikuwa amemfungulia kesi Unguja kuhusu msafara wa kumwokoa Emin Pasha, na ingawa kesi hiyo haikufika mwisho, fedha zilizuiwa kwa muda. Rumaliza, mshirika wake wa Ujiji, alimshtaki katika mahakama ya Wajerumani kuhusu mali za ushirika wao na kumpokonya sehemu ya mali za bara.

Kilichobaki kilikuwa ardhi. Kama wenye fedha wengi wa Unguja, alikuwa amezigeuza pembe kuwa mashamba ya karafuu, na karibu mwaka 1895 ilikadiriwa kwamba ana mashamba saba na watumwa 10,000. Aprili 1897 utumwa uliondolewa kisheria visiwani. Mali iliyohesabiwa kwa vichwa vya watu ikaanza kuyeyuka, na shamba bila vibarua wa kulipwa halikuwa na faida kubwa. Walioachiwa huru hawakudaiwa kueleza ni frasila ngapi za pembe walizowahi kubeba.

Katika miaka hiyo aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, na maandishi hayo yalichapishwa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ni kitabu cha mfanyabiashara kweli. Ndani yake vita vinapita kwa sentensi chache, lakini frasila, riali na majina ya waliomkopesha yanakumbukwa vizuri. Vifo vya wapagazi havina hesabu ya namna hiyo.

Alifariki Juni 1905 kwa malaria, nyumbani kwake Mji Mkongwe. Wakati huo makampuni ya Marekani bado yalinunua pembe Unguja kwa ajili ya viwanda vya piano vya Connecticut, na yaliendelea kwa miaka mingi baadaye, hadi plastiki ilipochukua nafasi ya pembe kwenye vitufe. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kuanzia Januari 1990, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza hatua hiyo. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora tangu mwaka 1912. Mzigo uliochukua miezi mitatu kufika pwani sasa ulichukua siku chache, na Wanyamwezi waliokuwa wakiajiriwa kubeba frasila mbili begani walikwenda kutafuta ujira kwenye mashamba ya mkonge.